Tumheshimu Polisi Namna Gani?



Dereva mmoja wa taksi-basi mjini Lubumbashi ametuletea swali ambalo hatuwezi kulijibu kwa mistari miwili, kama tulivyozoea kufanya na barua zenu. Asema kwamba kila siku ya kazi hupita njia panda ileile mara kumi na zaidi. Asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, hutazama mafuta, hutazama maji ya injini, kisha hukunja noti moja na kuiweka ndani ya permi yake. Askari polisi akimsimamisha, humpa permi. Askari huifungua, huifunga, humrudishia. Hawasemezani neno. Permi imerudi, noti haikurudi, na abiria hawashangai, kwa maana wameyaona hayo tangu utoto wao.

Zamani ndugu huyo aliungama jambo hilo kila mwezi. Mwishowe aliona haya kurudia maneno yaleyale mbele ya padri yuleyule, akaacha kuungama, na sasa ni mwaka na nusu hajapokea Komunyo. Mke wake adhani ana mwanamke mwingine. Atuuliza mambo mawili: Je, ni dhambi kumpa polisi pesa? Tena, je, Mkristu alazimika kumheshimu mtu anayemnyang'anya?

Tutaanza na swali la pili, kwa sababu la kwanza halieleweki vizuri bila hilo.

Tukisema hapa kwetu kwamba fulani aheshimu polisi, mara nyingi maana yake ni kwamba amwogopa. Twamwita Shefu, hata kama ni kijana aliyezaliwa juzi. Twacheka akisema jambo lisilochekesha. Twashusha macho. Akishageuka twamwita mwizi, na watoto wetu wasikia. Kicheko kile na tusi lile vyatoka katika chungu kimoja, nacho ni hofu.

Hofu hiyo hatukuizua sisi. Wakati wa Leopold wa Pili, tangu 1885 mpaka 1908, nchi hii ilikuwa kama mali ya mtu mmoja, na jeshi lake, Force Publique, lilifanya kazi ya vita na kazi ya polisi pamoja. Askari hakuwekwa ili akilinde kijiji. Aliwekwa ili kijiji kilete mpira na pembe. Kiboko ndicho kilichosema badala yake. Lugha yetu yenyewe yakumbuka: mnyama wa mtoni na mjeledi vina jina moja, kwa maana mjeledi ulikatwa katika ngozi ya mnyama huyo. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908 mambo ya mpira yalipunguka, lakini kiboko kilibaki miaka mingi, na jeshi lilibaki lilelile. Wakubwa walipenda kumpeleka askari mbali na kwao, asiwe na shangazi wala mjomba kati ya watu ambao siku moja angeamriwa kuwapiga. Hapa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa, tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa migodi waliogoma kwa ajili ya mshahara. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku tano baadaye askari wa Force Publique walianza kuasi, na wengi waliozoea kutii kwa hofu tu hawakumtii tena mtu yeyote.

Tangu siku hizo tumeona majina yakibadilika: polisi, jandarmeri, halafu tena polisi. Tarehe 16 Februari 1992, mjini Kinshasa, Wakristu waliotembea wakiomba Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena walipigwa risasi. Tarehe 21 Januari na tarehe 25 Februari 2018, Wakristu walioitwa na kamati ya walei walitoka tena parokiani mwao na rozari mikononi, wakakuta gesi ya machozi na risasi, na watu walikufa karibu na milango ya makanisa. Hatuyataji hayo ili kuwasha hasira. Twayataja kwa sababu mama auzaye mboga, akitetemeka mbele ya nguo ya polisi, asiambiwe kwamba ni mjinga.

Lakini tazameni upande wa pili pia. Askari polisi mmoja wa parokia yetu, tunayemjua vizuri, alitusimulia kwamba binti yake wa darasa la nne alirudi toka shule akilia. Wenzake walimwambia kwamba viatu vyake vimenunuliwa kwa noti za madereva. Baba hakujua la kumjibu, maana ilikuwa nusu kweli. Mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi, na miezi mingine mshahara wenyewe huchelewa. Tena jioni mkubwa wake amngoja. Jambo hilo raia wengi hawalijui. Watafiti waliowachunguza mapolisi wa barabara wa Kinshasa wameeleza jinsi wakubwa wa vituo wanavyowaagiza askari wa chini kuleta hesabu fulani ya madereva, ili madereva hao walipishwe kituoni. Kwa hiyo noti ya msomaji wetu haikai yote mfukoni mwa yule amwonaye njiani. Hupanda ngazi. Asiyetaka kuipandisha aweza kuondolewa mahali pake pa kazi na kupelekwa mahali pa njaa zaidi.

Basi, pale njia panda, watu wawili wenye hofu wakutana mara kumi kwa siku, na hakuna anayemwambia mwenzake jambo. Hatuwezi kuita hali hiyo heshima, hata kama hakuna aliyetukanwa.

Heshima ni nini? Katika Injili ya Yoane, sura ya 18, Bwana wetu asimama mbele ya kuhani mkuu, amefungwa mikono. Mmoja wa watumishi waliokuwa wakimlinda ampiga kofi kwa sababu hakupendezwa na jibu lake. Yezu, yeye aliyetufundisha kugeuza shavu la pili, hakumtukana mtu yule, wala hakunyamaza. Alimtaka aonyeshe kosa, kama kosa lipo. Na kama halipo, aseme sababu ya kumpiga. Twaisikia Injili hii kila Ijumaa Kuu, lakini twaipita haraka, kwa kuwa masikio yetu yamngoja jogoo wa Petro. Tusimame kidogo. Yezu alimwomba mlinzi sababu. Kwa hiyo alimhesabu kuwa mtu mwenye akili na dhamiri, awezaye kujibu kwa ajili ya mkono wake. Mlinzi hakumtendea Yezu hivyo. Lakini Yezu hakungoja atendewe vizuri ndipo naye atende vizuri.

Hapo twaona neno tulilokuwa tukilitafuta. Kumheshimu askari polisi ni kumtaka awe askari polisi kweli: mtu wa sheria, mwenye jina, mwenye sababu ya kila alitendalo, tena awezaye kuulizwa. Nguo yake yadai hivyo kabla sisi hatujadai. Kwa hiyo kumwuliza kwa upole, "Shefu, kosa langu ni nini?" si utovu wa adabu, wala si ukaidi, kama mapolisi wengine wanavyodhani. Ni adabu kubwa kuliko kicheko chetu cha kujipendekeza. Na askari anayemwambia raia sababu, naye amemheshimu, maana mnyama hupigwa tu na kusukumwa zizini, haelezwi.

Je, noti ndani ya permi? Sisi twaona kwamba ni tusi. Mtu tunayemheshimu, mwalimu, baba mkwe, padri, hatumpi noti iliyokunjwa bila neno ili aondoke njiani petu. Mbwa ndiye atupiwaye mfupa apate kunyamaza. Dereva adhani amenyang'anywa tu, na mara nyingi ni kweli. Lakini pia amemwambia mwenzake bila kufungua kinywa: bei yako naijua. Mtu akiambiwa hivyo mara mia kwa siku, kwa miaka kumi, mwishowe ataamini. Binti yake pia ataamini.

Huenda mwasema: ni rahisi kuandika gazetini, lakini njiani kuna fimbo. Ni kweli. Ndiyo maana yafaa tujue sheria yenyewe yatupa nini, kwa sababu asiyeijua haki yake huiomba kama sadaka. Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 16, yasema kwamba mtu ni kitu kitakatifu, na Serikali yapaswa kumheshimu na kumlinda. Katekisimu isingesema zaidi. Kifungu cha 18 chaagiza kwamba anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, na kwa lugha anayoielewa. Aweze kuwapasha habari jamaa zake au avoka wake. Tena polisi wasimshike kupita masaa 48, ila wamwache au wamkabidhi kwa wenye mamlaka ya hukumu. Kifungu cha 183 chasema kwamba polisi ni ya taifa la Kongo na hakuna awezaye kuigeuza kuwa chombo cha faida yake mwenyewe. Cha 28 ndicho kizito kuliko vyote kwa mwenye kuvaa nguo ya Serikali: hakuna alazimikaye kutimiza amri ambayo ni wazi kabisa kwamba yavunja sheria, na mtumishi wa Serikali afunguliwa katika wajibu wa kutii ikiwa amri yakanyaga waziwazi haki za watu.

Maneno yale "kwa lugha anayoielewa" yataka tukae nayo kidogo. Hatuna neno baya juu ya Lingala. Ni lugha ya ndugu zetu, na arusini hatuchezi bila nyimbo zake. Lakini ilifanywa lugha ya amri ya Force Publique, na baadaye ikabaki lugha ya askari wakati wote wa Mobutu. Mzee wa Kongolo au mama wa Walungu akiisikia gizani, penye kizuizi cha njia, hasikii maneno, asikia viatu. Twamfahamu askari mmoja, mtu wa Équateur, aliyejifunza Kiswahili chetu kwa kuchekwa na wauza samaki. Sasa husema, "Jambo mama, ninaomba kuona karti yako," na nusu ya kazi imekwisha kabla karti haijatoka kitambaani. Hakuambiwa na mkubwa wake afanye hivyo. Aliona mwenyewe kwamba watu hawakimbii tena.

Mtume Paulo naye aliijua sheria ya nchi yake. Pale Yerusalemu, walipokwisha kumfunga kwa kamba ili apigwe mijeledi, alimwuliza akida aliyesimama karibu naye kama ni halali kumpiga Mroma ambaye hajahukumiwa. Hakupiga kelele, aliuliza. Na akida hakulihesabu swali kuwa tusi. Alikwenda kwa mkubwa wake, akamwonya, na mijeledi ikawekwa chini. Wahubiri humsifu Paulo kwa ujasiri wake, na ni haki. Lakini ni nani anayemsifu yule akida? Alikuwa na amri mkononi, akasikia neno la sheria kinywani mwa mfungwa, akasimama. Kwetu sisi, penye vizuizi vya njia, twahitaji akina Paulo wachache na maakida wengi.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Kanisa limetenganisha daima mambo mawili yanayofanana kwa nje. Mtu anayetoa kituliro ili sheria ipindwe, huyo atenda dhambi. Breki zake hazishiki, amepakia watu ishirini na sita mahali pa kumi na wanane, permi si yake, naye ananunua macho ya polisi yafumbwe: dhambi hiyo si ndogo, kwa maana breki zile zitamwua mtoto wa mtu. Lakini mtu anayetoa pesa kwa sababu mwenye nguvu amemzuilia haki yake, naye hana njia ya kuipata bila hasara kubwa, huyo hakununua kosa. Amenyang'anywa. Mwizi akikuwekea kisu shingoni, nawe ukampa saa yako, hukuiba pamoja naye. Basi, ndugu dereva, siku zile ulipokuwa na makaratasi yote na motokari nzima, ukasimamishwa, ukazuiliwa mpaka utoe, usiziungame kama dhambi yako. Siku zile nyingine wazijua mwenyewe.

Lakini twaona siku za namna ya tatu, na tukiisoma barua yako vizuri, ndizo zilizo nyingi. Hukuombwa. Uliweka noti nyumbani, asubuhi, kabla ya kumwona askari, kabla ya kujua kama leo ni mtu mbaya au mwema aliyesimama pale. Hukununua kosa, kwa maana hukuwa na kosa. Wala hukunyang'anywa, kwa maana hakuna aliyekushika. Ulimhukumu mtu kabla hajafungua kinywa. Hofu yapunguza uzito wa jambo hilo, desturi yauongeza. Padri wako ataupima kuliko sisi.

Na yule anayepokea? Hapa twataka kumtaja kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Hakuwa polisi. Alikuwa mtumishi wa Serikali mpakani, kazi yake kupima vyakula vinavyoingia nchini. Alipewa pesa aachilie chakula kilichooza kipite, akakataa, akashikwa na kuuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Twajua wasomaji wengine watasema: basi tukikataa tutakufa. Kanisa halimlazimishi mtu kwenda kutafuta kifo. Lakini Mwenye Heri huyu hakuwa mtawa wa zamani za kale huko ng'ambo. Alikuwa na biro, mihuri, wakubwa wa kumpigia simu, na bila shaka mwisho wa mwezi wake ulifanana na wetu. Alifikiri juu ya tumbo la mtu asiyemjua, ambaye angekula chakula kile. Dereva wa breki mbovu na askari anayemwachilia apite wamemsahau mtu huyo asiyejulikana, yule anayevuka njia mbele yao.

Sasa tuseme jambo ambalo halitatupendeza. Raia twalia juu ya mapolisi, lakini sisi wenyewe twawaita kwa kazi zisizo zao. Jirani ana deni letu, hajalipa. Badala ya kwenda mbele ya wazee au tribinali, twakwenda kituoni, twatoa "pesa ya safari" ya askari wawili, na usiku ule jirani alala kasho. Deni tupu lisilo na udanganyifu ni jambo la tribinali, si la kasho. Polisi ajua, nasi twajua. Lakini twaona raha kumfungisha mtu. Tumewaona Wakristu wa jumuiya zetu wakifanya hivyo siku ya Alhamisi, na Jumapili wakisoma somo. Halafu wiki inayofuata jirani naye apata pesa, na sisi ndio tulalao kasho, na hapo twaandika barua gazetini kwamba polisi wa nchi hii hawana haki.

Tena, mwizi wa kuku akishikwa, ni nani wanaopiga kelele "Mpige!"? Polisi akikataa kumpiga, twasema amekwisha kula pesa ya mwizi. Kiboko twakichukia kikiwa juu ya mgongo wetu. Juu ya mgongo wa mwingine twakiita haki. Katika miji yetu watu wameteketezwa kwa tairi na petroli na umati wa majirani, bila swali, bila hukumu, na pengine bila kosa. Askari aliyesimama katikati ili amwokoe mshukiwa ametupiwa mawe. Saa ile, katika mtaa mzima, askari yule peke yake alikuwa anamheshimu mtu kama Katiba inavyosema, na mawe yalitoka katika mikono yetu sisi raia.

Nanyi ndugu mapolisi, twajua mwasoma gazeti hili, hata kama mwalisoma likiwa limefungiwa karanga. Watu wa kazi kama yenu walimwendea Yoane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kumnyang'anya mtu kwa nguvu na kumsingizia, akawataka waridhike na mshahara wao. Mtasema Yoane hakuuona mshahara wenu. Ni kweli, na neno lake lawagusa pia wale wanaoupanga na wale wanaoukata njiani kabla haujawafikia. Hao watajibu zaidi yenu. Lakini kuna mambo yasiyohitaji mshahara. Kusema jina lako hakugharimu kitu. Kumpa mtu kitansi ya amendi aliyolipa hakugharimu kitu, na amendi isiyo na kitansi, je, tuiiteje? Kijana wa pikipiki akikutukana, na kweli wana midomo, kofi lako litamfundisha nini? Litamkusanyia watu. Pikipiki itashikwa, jioni mama yake atakuja kituoni na pesa alizokopa, na kesho kutwa vijana ishirini watakuwa na hasira yake. Mwambie kosa lake, liandike, mwache na tusi lake; tusi litamlemea yeye.

Tusisahau kwamba heshima hii haijifunzwi siku ya kosa. Mjini Bukavu, Kananga na Matadi palijaribiwa mpango wa "polisi wa karibu": askari na watu wa mtaa kukaa pamoja na kusemezana juu ya usalama wao, taa zinazokosekana, vijana wanaokunywa lotoko, njia ambayo wanawake waogopa kuipita usiku. Haikuponya kila kitu. Lakini mtu uliyeketi naye benchi moja wajua jina lake, na mtu ambaye wajua jina lake ni vigumu kumtupia jiwe, na ni vigumu pia kwake kukunyang'anya.

Basi, ndugu dereva, tukujibu wewe sasa. Hatuwezi kukuambia ukatae kesho katika njia zote za Lubumbashi kwa pamoja. Una watoto. Kwanza tengeneza breki. Katika barua yako umezitaja mara mbili, nasi tumeelewa. Kamilisha makaratasi, hata kwa kukopa. Kisha toa noti katika permi, kwa ajili ya njia panda moja tu, ile uipitayo kila siku. Akikusimamisha, msalimu. Mwambie jina lako, mwulize lake, mwulize kosa. Labda atakuchelewesha nusu saa, na abiria watakupigia kelele, "Mpe tu, twende!" Hatukuahidi kwamba atakuachilia siku ya kwanza, wala ya pili. Nanyi wasomaji mpandao taksi-basi, mkimwona dereva anauliza kwa upole, nyamazeni nusu saa hiyo. Ni sadaka ndogo, na bila ninyi hawezi.

Juu ya Komunyo, nenda kwa padri wako, mweleze kama ulivyotueleza sisi, na namna zile tatu za siku, kila moja mahali pake. Hatachoka kukusikia, ni wewe uliyechoka kujisikia. Na mke wako mwambie sababu leo jioni, usingoje gazeti limfikie.

Mwishoni mwa barua yako, chini ya jina lako, umeongeza neno dogo, kama lisilo na maana. Umesema askari yule wa njia panda umemwona kanisani: yeye husali Misa ya kwanza, nawe husali ya pili. Jumapili ijayo amka mapema.